Uzi Ndani ya Kola

Likizo ilipoanza, wenzake Sindano walilala mpaka jua likawachoma usoni. Yeye hakuwa na bahati hiyo. Kila asubuhi aliongozana na mama yake hadi karakana ya ushonaji, mama akiwa na kikapu cha chakula cha mchana, binti akiwa na mkebe wa vifungo. Sindano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mafundi walimbandika jina hilo kwa sababu alikuwa mwembamba, tena akisema neno, lilichoma. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kazi yake pale ilikuwa kushona vifungo na kukata nyuzi zilizoning'inia. Akimaliza, alikaa karibu na mlango akasoma kitabu chake.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Shati lilianza safari likiwa kitambaa tupu, likapita meza baada ya meza. Meza ya kwanza ilikuwa ya Kaka Chaki, mkataji, mwanamume mcheshi aliyeweka chaki nyuma ya sikio, akaisahau huko mpaka anafika kwake. Ya pili ilikuwa ya Dada Chapuchapu, aliyeunga mabega, ubavu na mikono ya shati kabla wewe hujamaliza kumsalimia. Ya tatu ilikuwa ya mama yake Sindano, na kwa kuwa alishona kola tu, kila mtu alimwita Mama Kola. Mwisho kabisa alikaa mwenye karakana, mama wa makamo aliyetoboa matundu ya vifungo na kukagua kila shati. Aliwakataza wasimwite Bosi, nao wakaendelea kumwita Bosi.

Meza ya Mama Kola ilikuwa na pazia. Lilikuwa kamba tu iliyotundikiwa mashati ambayo hayajakamilika, yakapangwa kwa ukaribu hata aliyekaa nyuma yake akaonekana miguu tu. Mama Kola alisema jua linamwumiza macho. Madirisha yalikuwa upande wa pili wa chumba, na kila mtu alikuwa na macho ya kuliona hilo, ila hakuna aliyetaka kumwaibisha.

Nyuma ya pazia palikuwa na siri. Ncha za kola zina kazi yake. Fundi hushona vipande viwili vya kitambaa vikiwa vimegeuzwa nje ndani, kisha huvigeuza tena, na hapo ndipo ncha hugoma kutoka. Wengi huzisukuma kwa mkasi, na mkasi ukiteleza kidogo tu, kola imetoboka. Mama Kola hakutumia mkasi. Akifika kwenye kona, alilaza uzi katikati ya vipande vile viwili, akauzungusha kwenye sindano ya cherehani, akapiga mshono mmoja kuushika, kisha akaendelea kushona. Akishageuza kola, aliuvuta ule uzi, na ncha ikatoka yenyewe, kali na safi. Halafu aliuchomoa, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwamo.

Tangu aanze kazi pale, mtu mmoja tu alifundishwa jambo hilo, naye ni Sindano. Alijifunzia nyumbani, juu ya vipande vya shuka kuukuu, na mama yake akamkanya asifumbue mdomo. Alimweleza na sababu. Zamani, Sindano akiwa bado mtoto wa kubebwa, mama yake alifanya kazi karakana nyingine. Huko alimwonyesha mwenzake kila alichokijua. Kazi ilipopungua, mwenye karakana aliona hana haja ya watu wawili wanaojua jambo moja, na aliyeambiwa afungashe alikuwa Mama Kola. Tangu siku hiyo aliapa kwamba ujuzi wake hautatoka nje ya meza yake.

Kusema kweli, Sindano aliipenda siri ile. Kila alipowaona mafundi wengine wakizungumza na kucheka, alijua kitu wasichokijua, akajisikia mtu mkubwa.

Likizo hiyo karakana ilikuwa na kazi moja nzito: mashati ya sare ya shule anayosoma Sindano. Mwalimu Mkuu alitaka mashati yote yawe tayari kabla shule haijafunguliwa. Yakichelewa, alisema, mwaka unaofuata atapeleka kazi kiwandani. Bosi hakuwaficha mafundi wake. Aliwaambia kwamba karakana inaishi kwa sare, na kazi hiyo ikiondoka, atalazimika kubaki na fundi mmoja tu. Sindano alisikia, akamtazama mama yake. Mama yake ndiye aliyekuwa akimlea peke yake, na mshahara wa pale ndio uliowaweka mjini.

Siku ile kazi ilikuwa imepamba moto. Nyuma ya pazia nafasi ilikuwa finyu, kiti, cherehani, meza ya pasi na rundo la mashati vyote vikigombania pahali. Mama Kola aligeuka kuchukua kola, kiwiko kikaigonga pasi. Pasi ikaanguka. Bila kufikiri, akaidaka kwa kiganja cha mkono wa kulia.

Hakupiga kelele. Sindano alisikia tu kiti kikianguka, kisha sauti ya mama yake, ndogo, ikimwita. Dada Chapuchapu alifika kabla yake. Alimshika Mama Kola mkono, akampeleka bombani na kuufungulia maji ya baridi, na hakumruhusu autoe mpaka maumivu yalipopungua. Kaka Chaki alichomoa waya wa pasi, akawasindikiza zahanati. Muuguzi alisafisha kidonda, akakifunga bendeji, akasema mkono huo usiguse kazi mpaka ngozi ijifunge, na hilo lisingekuwa jambo la juma moja.

Waliporudi, Bosi aliwauliza wote nani mwingine anaweza kushona kola. Watu walitazamana. Dada Chapuchapu akajipa moyo, akasema atajaribu. Mikono yake ilikuwa myepesi kweli, lakini alipozisukuma ncha kwa mkasi, ya kwanza ilitoboka. Ya pili nayo ikatoboka. Ya tatu haikutoboka, ila ilitoka butu, imejikunja upande mmoja.

Sindano alimtazama mama yake. Mama Kola alitikisa kichwa polepole, kiasi cha kuonwa na binti yake tu. Kisha akamwambia Bosi kwamba Sindano anaweza, na kwamba yeye mwenyewe atakaa kando yake kumwelekeza. Wakaingia wote wawili nyuma ya pazia.

Siku za kwanza Sindano alifanya kazi kwa kiburi kidogo. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akashona kola moja baada ya nyingine, ncha zikatoka vizuri, na Bosi akazisifu. Lakini alikuwa mtoto, tena mgeni wa cherehani. Kwa kila kola aliyomaliza, Dada Chapuchapu alileta mashati mengine yasiyo na kola. Rundo lilipanda. Shingo ilimkaza, vidole vikamwuma, naye akakaza meno. Alijiambia kwamba akiongeza bidii atalifikia. Aliongeza bidii, na rundo likaongezeka pia.

Asubuhi moja, kabla cherehani hazijaanza kulia, Bosi aliwakusanya. Aliwaambia kwamba ajali ya Mama Kola imemfungua macho, na kosa ni lake yeye. Ameacha kila mtu akae na meza yake kana kwamba kila meza ni nchi. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, fundi mmoja atawaonyesha wenzake jambo moja analolijua vizuri. Hatamlazimisha mtu. Anayetaka aseme. Kaka Chaki aliinua mkono kwanza. Mama Kola aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji, wala hakuinua ule mwingine.

Sasa Mama Kola alikuwa na tatizo jingine, kukaa bure kunamchosha mtu aliyezoea kazi. Baada ya kumwelekeza binti yake alibaki akitazama ukuta. Kaka Chaki akaja mpaka kwenye pazia, akapiga hodi kana kwamba kuna mlango, akamwomba amsaidie kuchora kwa mkono wa kushoto, maana mkono wake mmoja wa kuchora na mmoja wa kushikilia haitoshi. Mama Kola akatoka. Sindano aliwasikia wakizungumza, akachungulia kati ya mashati.

Kaka Chaki hakumpa chaki tu. Alimwonyesha jinsi anavyozipanga karatasi ngumu za vipimo juu ya kitambaa, moja ikitazama juu na nyingine chini, ili mikono ya mashati iingie kwenye nafasi zilizobaki na kitambaa kisipotee. Alimwonyesha namna ya kupapasa kitambaa kujua upande unaovutika. Mama Kola alikosea, kaka wa watu akafuta na kumrudisha mwanzo, huku akimtania kwamba mstari wake umelewa. Mama Kola akacheka. Sindano hakukumbuka lini alimsikia mama yake akicheka kazini.

"Wewe Kaka Chaki," Mama Kola alisema mwishowe, "huogopi? Ukinifundisha yote haya, kesho si nitakunyang'anya mkasi?"

Kaka Chaki aliitoa chaki nyuma ya sikio, akaitazama. "Niliwahi kuugua homa mwaka jana, unakumbuka? Nililala kitandani, lakini sikupumzika. Nilijua nyote mmekaa mnaningoja, kwa sababu nilijifanya mimi peke yangu ndiye najua kukata. Mtu wa namna hiyo, dada yangu, hawezi hata kuugua kwa raha. Chukua mkasi."

Mama Kola aliendelea kuchora, lakini polepole kuliko mwanzo.

Mchana huo Sindano alifanya haraka kupita kiasi. Alitaka kulipunguza rundo kabla mama yake hajarudi kuketi. Alipomaliza, aliyashika mashati yale kwenye mwanga. Kola zote zilikaa upande, kulia juu, kushoto chini. Katika pupa yake alikuwa ameilinganisha alama ya katikati ya kola na alama ya bega, badala ya katikati ya shingo. Kazi yote ya mchana ilikuwa ya kufumua.

Alikaa chini, akaanza kufumua. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega ili asiache kazi. Mama yake aliingia nyuma ya pazia, akaona, akaketi kando yake. Kisha akamwuliza kama amechoka, apumzike kidogo.

"Sijachoka, Mama," Sindano alisema. "Lakini hazitaisha. Hata nikilala hapa hapa, hazitaisha."

"Nitakusaidia kwa mkono wa kushoto."

"Mama, wao ni watu wazima wenye mikono mizima, na wamekaa hapo nje wanatungoja sisi." Sindano alishusha sauti. "Unaogopa wakijua watakuondoa. Mashati yasipoisha tutaondoka pia, tena na wao. Hiyo siri tutaipeleka wapi?"

Neno lilichoma. Sindano aliona limemwingia mama yake, akaogopa kwamba amevuka mpaka, akamwomba radhi. Mama Kola alimtazama binti yake, vidole vyake vyembamba vimevimba, sindano ya kufumulia bado iko mkononi. Aliona haya, si kwa sababu ya maneno ya mtoto, bali kwa sababu alikuwa amemtwisha mtoto mzigo wake mwenyewe. Alisimama. Kwa mkono wa kushoto akaanza kuyashusha mashati kwenye kamba, moja moja. Cherehani zikanyamaza karakana nzima.

"Kumbe leo jua limekubali," alisema Kaka Chaki.

"Limekubali," Mama Kola alijibu. "Dada Chapuchapu, lete kiti chako. Bosi, na wewe. Kesho asubuhi ni mbali, nawafundisha sasa hivi."

Walimzunguka. Mama Kola alieleza, Sindano akashona polepole ili macho yote yafuate: hapa tunafika kwenye kona, hapa tunalaza uzi, hapa tunauzungusha kwenye sindano, hapa tunapiga mshono mmoja kuushika. Kola ikageuzwa, uzi ukavutwa, ncha ikatoka. Dada Chapuchapu alishika kiuno. Alisema ametoboa kola za watu miaka mingi kumbe dawa ni kipande cha uzi. Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo lilimwumiza Mama Kola kuliko lawama.

Haikuwa rahisi. Kola ya kwanza ya Dada Chapuchapu, uzi ulikatika. Ya pili, uzi ulipotelea ndani ya mshono, hakujua avute nini. Mama Kola akamwambia hata yeye humtokea mara kwa mara, kwa sababu uzi ni mweupe na kitambaa ni cheupe. Dada Chapuchapu akafikiri kidogo. Akaenda kwenye meza yake, akarudi na uzi mnene, mwekundu, wa kushonea magunia. Akajaribu huo. Mwekundu ulionekana waziwazi juu ya cheupe, haukukatika, na ulipovutwa ulitoka wote bila kuacha hata unyuzi.

Mama Kola aliichukua kola ile, akaigeuza huku na huku. Alikuwa ameshona kwa njia yake tangu ujana, akipoteza nyuzi, akipasua mishono kuzitafuta, na hakuwahi kuwaza kubadili rangi. Nani angemwambia, hali alijifungia peke yake?

"Na mimi nimejifunza leo," alisema.

Tangu hapo karakana ilibadilika. Kaka Chaki alikata asubuhi, mchana akashona kola. Bosi naye alishona, na za kwanza zilitoka mbovu, mafundi wake wakamcheka mbele yake, naye akakubali kufumua kama mwanafunzi. Mama Kola alichora kwenye kitambaa kwa mkono wa kushoto, akipita meza hadi meza kuwasahihisha wengine. Sindano alirudi kwenye vifungo, ila alipoitwa kuonyesha jambo alikwenda mbio. Rundo lilisimama, kisha likaanza kushuka. Kuna siku walidhani hawatafika. Hawakuacha.

Mashati yalikamilika siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe, akavuta hili na lile, akazikagua ncha za kola kwa kidole. Aliridhika, akaagiza yapakiwe. Kabla ya kuondoka, aliwaambia mwaka ujao watashona na sketi.

Watu walipokuwa wakishangilia, Bosi alimwita Mama Kola pembeni. Sindano aliona. Sasa wote wanajua kola, alifikiri. Sasa ndio wakati wenyewe. Akasogea karibu bila hata kujifanya ana kazi pale.

Bosi alimwambia Mama Kola kwamba mara nyingi watu wamemletea kazi ya makoti, naye amekuwa akiikataa. Koti linahitaji fundi mwenye subira, na fundi huyo alikuwa hapa siku zote, ila alikuwa amefungwa kwenye kola. Angemtoa vipi, wakati hakuna mwingine wa kuzishona? Sasa wapo. Mkono ukipona, meza ya makoti itakuwa yake. Na zile asubuhi za kuonyeshana kazi, angependa Mama Kola ndiye azisimamie. Mama Kola aliitikia kwa kichwa.

Siku iliyofuata, Sindano alisimama mstarini shuleni. Mbele yake, nyuma yake, kulia na kushoto, kila shingo ilikuwa na kola mpya. Alianza kuzitafuta zake. Akatafuta na chache ambazo mama yake alizishona kabla ya kuungua, na za Dada Chapuchapu, na za Bosi. Alizikodolea macho mpaka mwalimu wa zamu akamwuliza anatafuta nini kwenye shingo za wenzake.

Jioni alimweleza mama yake. "Nimetafuta kola zako, Mama. Nimeshindwa kuzijua. Zote ziko sawa."

Mama Kola alikuwa akijaribu kukunja na kukunjua vidole vya mkono uliopona nusu. Aliacha, akatabasamu.

"Ungeniambia hivyo zamani, nisingepata usingizi," alisema. "Nilidhani nikiwaonyesha wenzangu ninachokijua, mimi nitapungua. Ni kweli niliumizwa mara moja, lakini nikawaadhibu watu ambao hawakunikosea, na nikakuumiza na wewe. Mwanangu, unachokijua mfundishe mwenzako, na usichokijua muulize bila haya. Mkifanya kazi mahali pamoja, mtu akianguka wengine wawepo wa kuendelea. Leo nimekaa nyumbani kutibu mkono, na huko kola za wateja wengine zinashonwa. Sina wasiwasi hata kidogo."

Kisha akamwomba amletee kipande cha kitambaa na mkasi, kwa sababu kesho yake asubuhi ilikuwa zamu ya Sindano kuwaonyesha mafundi, kabla ya kwenda shule, namna yake ya kushona kifungo kisichong'oka, na alitaka kuiona kwanza.